WANAPITA NA HAWAONI

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu aliyeitandaza ardhi akaifanya laini kwa nyayo zetu. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Ndugu zetu Waislamu, katika darsa yetu ya wiki iliyopita kijana mmoja aliuliza suala ambalo baadhi ya watu walilicheka, nami naona halikustahiki kuchekwa. Alisema: Mtu akitoka mjini siku ya mapumziko, akaenda mashamba au kandokando ya bahari kutembea tu, hana cha kununua wala cha kuuza, wala haendi arusini wala maziko, je, mtu huyo ana thawabu, au ana dhambi, au hana hili wala lile? Mzee wetu mmoja alimjibu papo hapo kwamba mambo hayo ni mchezo wa Wazungu, na kwamba Muislamu akiwa na faragha mahali pake ni msikitini au nyumbani kwake. Mara ikaadhiniwa Isha, darsa ikaisha, na suala likabaki pale pale.

Niliahidi kulijibu katika ukurasa huu. Lakini kabla ya kuleta dalili nitakisimulia kisa kimoja, kwani mimi mwenyewe nilikuwa na rai ile ile ya mzee wetu, mpaka nilipofunzwa na kakangu mgonjwa na majani ya miti.

Kakangu amefanya maskani yake Uingereza, katika mji wa Woking ulio upande wa kusini-magharibi wa London. Kama mjuavyo, hakuna mtaa wetu hapa pwani usiokuwa na mtu wake huko. Aliugua moyo, akalazwa, na Mwenyezi Mungu akamjaalia kutoka salama. Nikaenda kumtazama. Ilikuwa ni mwezi wa Oktoba, nao ndio wakati wanaouita vuli. Lakini vuli yao si vuli yetu. Miezi hiyo hiyo ambayo hapa kwetu mvua ndogo hunyesha na ardhi ikavaa kijani, kule miti huvua nguo zake. Ardhi ni moja na jua ni moja; Mola ameiinamisha dunia kidogo tu, kadiri ya digrii 23 na nusu, basi watu hawa wakapata kuchipua na watu wale wakapata kupukutika kwa wakati mmoja.

Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo. Siku ya Jumamosi mawingu yakafunguka, jua likatoka safi, jua lisilochoma bali lenye nuru, na kila kitu kikawa kinang'aa. Daktari alikuwa amemwamrisha kakangu atembee kila siku. Akaniambia, "Twende, mdogo wangu. Dawa yangu ya leo iko njiani."

Tulisali Adhuhuri katika msikiti wa mji ule, uitwao Msikiti wa Shah Jahan. Msikiti huu ulijengwa mwaka 1889 na mwanachuoni mmoja aitwaye Leitner, kwa msaada wa mali ya Shah Jahan Begum, bibi aliyekuwa mtawala wa Bhopal katika Bara Hindi. Nao ndio msikiti wa kwanza katika Uingereza uliojengwa tangu msingi wake uwe msikiti. Tulipotoka tukashuka mpaka kwenye mfereji wa maji uliofunguliwa mwaka 1794 kwa ajili ya majahazi ya mizigo. Zamani farasi waliyavuta majahazi hayo kwa kamba, wakipita ukingoni. Leo mizigo hiyo haipo tena, na njia ya farasi imekuwa njia ya waendao kwa miguu. Nikawaona wazee walioshikana mikono, na baba aliyembeba mtoto mabegani, na mama akisukuma kigari cha mtoto mchanga; na kila tuliyepishana naye alitusalimu kwa lugha yake.

Miti imeinama juu ya mfereji pande zote mbili. Jani moja ni manjano, la pili ni jekundu, la tatu lina rangi ya shaba iliyosuguliwa, na jengine bado ni kijani, nayo yote yako katika tawi moja. Yakianguka hayaanguki kama jiwe. Hushuka polepole, yakizunguka ndani ya mwanga, kisha hukaa juu ya maji na kwenda zake. Nasema kweli, ndugu zangu, nilisahau kwamba nilikuja kumtazama mgonjwa.

Tulipofika chini ya daraja kakangu akasimama apate pumzi. Akatazama juu, kisha akasema maneno ambayo mpaka leo hayajanitoka. Alisema, "Daraja hili nimelipita kila siku ya kazi kwa miaka 30, nikienda stesheni. Nilipita alfajiri jua halijatoka, na nikarejea usiku jua limekwisha kuchwa. Nyumba yangu iko mwendo wa dakika kumi kutoka hapa, na sikupata kuzishuka ngazi hizi hata siku moja. Watoto walipokuwa wadogo walikuwa wakiniomba niwalete, nikiwaambia Jumapili ijayo. Sasa wamekuwa watu wazima na kila mmoja ana mji wake. Na aliyenileta mimi hapa ni daktari."

Sikuwa na la kumjibu. Wakati huo huo jani likamwangukia begani. Ndipo nikaikumbuka Hadithi iliyopokewa na Ibn Mas'ud, nayo imo katika Bukhari na Muslim, ya kwamba alimwingilia Mtume (S.A.W.) naye ana homa kali, na Mtume akamjulisha kuwa hakuna Muislamu anayepatwa na udhia, wa maradhi au mwengineo, ila Mwenyezi Mungu humpukutishia madhambi yake kama mti unavyopukutisha majani. Nikamsomea kakangu. Akalitwaa lile jani begani pake, akaligeuza-geuza, akacheka huku macho yamemjaa machozi, akasema, "Basi mwaka huu nimepukutika sana."

Hadithi hii mimi nilikuwa nikiisoma kwa miaka mingi, na kuwafundisha watu. Lakini nimezaliwa pwani, na miti niliyoizoea ni minazi na miembe, ambayo mwaka mzima ni kijani. Siku ile ndipo nilipoona kwa macho yangu mti mkubwa ukipukutika hata usibakiwe na kitu, nikajua ukubwa wa rehema iliyokuwa ikisemwa. Elimu niliyokuwa nayo ilikuwa kweli, lakini ilikuwa elimu ya karatasi.

Na wataalamu wa mimea wametufunulia katika jambo hili hikima kubwa, nami nitaitaja kwa ufupi. Ukijani wa jani ni kitu kiitwacho klorofili, nacho ndicho kinachoupikia mti chakula chake kwa nuru ya jua. Mchana unapofupika na baridi inapokaribia, mti huacha kukitengeneza, na kilichokuwapo huvunjika. Hapo ndipo manjano yanapoonekana. Na manjano hayo hayakuja siku hiyo! Yalikuwamo ndani ya jani tangu lilipochanua, yamefunikwa na ukijani. Ama wekundu, huo aghalabu hutengenezwa upya mwisho wa maisha ya jani. Kisha mti hulivuta lile lenye manufaa lililomo ndani ya jani, ukaliweka akiba katika shina na mizizi. Na pale jani liliposhikana na tawi hujengeka utando mwembamba, hata likianguka lisiache jeraha. Na ajabu kubwa kuliko zote ni kwamba machipukizi ya mwaka ujao huwa yamekwisha kufungwa tawini, tayari, kabla jani la mwaka huu halijaanguka.

Je, ndugu Muislamu, hii si kazi ya Mwenye kupanga? Na Mwenyezi Mungu katika Suratul An'am, Aya ya 59, ametujulisha kuwa hakuna jani linaloanguka ila Yeye analijua. Nilisimama katika njia ile, majani yanaanguka kwa maelfu, nikajiambia: hili linajulikana, na hili, na hili. Basi itakuwaje asijulikane mgonjwa anayeshindwa kuvuta pumzi chini ya daraja?

Tukaendelea taratibu mpaka kwenye uwanda wa Horsell, nao ni ardhi ya wazi yenye misonobari na vichaka vifupi. Huko kuna boma la matofali mekundu lenye lango la kuba, lililokamilika mwaka 1917. Lilijengwa liwe makaburi ya askari Waislamu wa jeshi la Bara Hindi waliokufa Uingereza katika Vita Kuu vya kwanza. Makaburi yenyewe yalihamishwa mwishoni mwa miaka ya 1960, yakapelekwa Brookwood. Na mahali pale pakatengenezwa upya, pakafunguliwa mwaka 2015 pawe bustani ya amani. Ndani yake wamepandwa miti 27 yenye gome jeupe, kwa idadi ya askari 27 ambao majina yao yameandikwa pale. Siku ile majani ya miti hiyo yalikuwa manjano matupu, na mengine yametandikwa chini kama mkeka. Tukawaombea maghufira vijana wale waliofia mbali na mama zao. Hapakuwa na mtu ila sisi wawili, na jua, na majani.

Tulirejea kwa haraka kidogo, kwa sababu jua huko lina desturi nyengine. Katika mwezi huo mchana hupungua karibu dakika nne kila siku. Siku ile jua lilichwa kabla ya saa kumi na mbili, na ikifika Desemba huchwa kabla ya saa kumi ya alasiri. Muislamu wa huko hawezi kusali kwa mazoea. Kila wiki nyakati zake zimesogea. Sisi ambao Magharibi yetu haisogei ila kidogo, tumefika kuisikia adhana tusiinue tena nyuso zetu kulitazama jua ambalo adhana hiyo inalifuata.

Basi sasa nalirejea suala la kijana wetu.

Kutembea kwa ajili ya kujifurahisha, asili yake ni mubaha: halina amri wala halina katazo. Wala sitawadanganya nikasema kuwa kila hatua ya matembezi ina thawabu kama hatua ya kwenda msikitini, kwani hilo sina dalili nalo. Lakini jambo la mubaha hugeuka kwa nia ya mwenyewe, na matembezi yanaweza kupanda yakawa ibada kwa mambo matatu.

La kwanza ni kuzingatia. Katika Suratu Yusuf, Aya ya 105, Mwenyezi Mungu amewalaumu watu ambao ishara nyingi za mbinguni na ardhini wanazipitia nao wamezipa mgongo. Angalieni vizuri: hawakulaumiwa kwamba hawakutoka majumbani mwao, bali wamelaumiwa kwamba wanapita na hawaoni. Na katika Suratuz Zumar, Aya ya 21, ametutajia mvua inayoteremka, na mimea ya rangi mbalimbali inayotoka kwayo, kisha inavyonyauka ukaiona imekuwa manjano, kisha ikawa mapepe. Akasema kuwa katika hayo mna ukumbusho kwa wenye akili. Je, atakumbuka vipi manjano ya mmea mtu ambaye hatazami ila ukuta wa duka lake?

La pili ni kushukuru. Mtume (S.A.W.) ametutahadharisha, katika Hadithi ya Ibn Abbas iliyomo katika Bukhari, juu ya neema mbili ambazo watu wengi hupunjika ndani yake, nazo ni afya na faragha. Kupunjika ni neno la sokoni: ni kuuza kitu cha thamani kwa bei duni. Kakangu aliiuza faragha yake miaka 30, na hakupata habari ya bei yake mpaka ilipoondoka afya. Na wangapi miongoni mwetu wako katika biashara hiyo hiyo leo!

La tatu ni kuipumzisha nafsi ipate nguvu ya kutii. Hanzala, sahaba wa Mtume, alidhani kuwa amekuwa mnafiki kwa sababu moyo wake ulipokuwa nyumbani kwa mkewe na watoto haukuwa kama unavyokuwa mbele ya Mtume. Naye Mtume akamtuliza kwa kumfahamisha kuwa kuna saa hii na kuna saa ile. Hadithi hii imo katika Muslim.

Ama kusema kwamba haya ni mambo ya Wazungu, huko ni kuwapa Wazungu kisichokuwa chao. Ibn Umar amepokea kuwa Mtume (S.A.W.) alikuwa na ada ya kwenda Quba kila Jumamosi, mara kwa kupanda mnyama na mara kwa miguu, akisali huko rakaa mbili. Na Anas amepokea kuwa alikuwa akiingia katika bustani ya Abu Talha iitwayo Bairuha, akinywa maji yake matamu. Zote mbili zimo katika Bukhari na Muslim. Basi ikiwa mbora wa viumbe alikuwa na njia yake ya Jumamosi na bustani yake ya kunywa maji, sisi ni nani hata tujione wazito kuliko hayo?

Na hapa nina neno kwa wenye majumba. Wako kati yetu wanaume ambao jioni zao zote ni za barazani na vijiweni, kahawa na mazungumzo, hali ya kuwa mke na mabinti wamo ndani tangu Ijumaa hadi Ijumaa, upepo wao ni wa dirishani. Mtume (S.A.W.) alishindana mbio na Bibi Aisha, naye akiwa safarini, kama ilivyopokewa na Abu Daud, siku ya kwanza Bibi Aisha akashinda, na siku nyengine Mtume akashinda, akamtania. Mtoe mkeo, ndugu yangu! Watoe mabinti zako kwa sitara na heshima zao. Usiwaambie Jumapili ijayo.

Wala hakuhitajiwi tikiti ya ndege. Mtu wa Lamu anaweza kwenda Shela kwa miguu akifuata ufuo. Mtu wa Kwale ana vilima vya Shimba mlangoni pake. Wa Malindi na Kilifi wana msitu wa Arabuko-Sokoke, na kando yake magofu ya Gede, ambako msikiti wa mawe wa wazee wetu umezungukwa na miti mikubwa. Na hilo nalo ni somo juu ya miji inayodhani haitapukutika. Na mtu wa Mombasa, asiyekuwa hata na nauli, ana mibuyu ya mlango wa bahari, ambayo wakati wa kiangazi hubaki matawi matupu, kisha mvua ikija huvaa tena.

Lakini matembezi yana adabu zake. Swala isipitwe na wakati wake. Mtu asiingie shamba la mwenyewe wala asivunje tawi bure. Asitembee kwa majivuno, kama tulivyokatazwa katika Suratul Israi, Aya ya 37. Wala njia nzima isiwe kusengenya, kwani mwenye kusengenya hata peponi pa dunia haoni kitu ila aibu ya mwenziwe. Na juu ya yote asiache taka. Mtume ametufunza, katika Hadithi iliyomo katika Muslim, kuwa kuondoa chenye kuudhi njiani ni tawi katika matawi ya imani. Nasi siku ya Idi tukitoka pwani, tunaacha nyuma yetu chupa na makombo hata mchanga usionekane. Mwaka 2017 serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki. Je, ni lazima kila mara tungoje askari atukumbushe jambo ambalo Mtume alikwisha kutukumbusha?

Niliporejea kutoka safari ile, nilikwenda kusali Alasiri katika msikiti wa mtaani kwetu. Uani kuna mkungu. Nimepita chini yake tangu nikiwa mtoto wa chuoni, na nilichokuwa nikijua juu yake ni tamu ya kungu zake na malalamiko ya mfagizi. Siku hiyo nikasimama. Mkungu, ndugu zangu, hugeuza majani yake yakawa mekundu kama yale ya Woking, kisha huyaangusha, na hapa hakuna baridi wala theluji. Miaka yote ile ishara ilikuwa mlangoni mwa msikiti, nami nikiipita kwenda kusoma habari za ishara.

Kakangu, alhamdulillahi, yu hai. Kila Jumamosi huenda ukingoni mwa mfereji wake, na mara nyengine mmoja wa wanawe huja kutoka mbali akaenda naye.

Basi tumekubaliana kuwa Jumamosi ijayo, inshallah, darsa yetu itafanywa nje ya mji. Tutakutana mlangoni mwa msikiti baada ya swala ya Alasiri, na tutarejea kabla ya Magharibi. Watoto wakaribie. Na mzee wetu tumemuomba atutangulie, kwani katika sisi sote ni yeye peke yake anayeijua miti kwa majina yake. Naye, Mungu amjaze kheri, amekubali.

Ewe Mola wetu, tupe macho yanayoona kabla hayajafumbwa, na miguu inayotembea katika radhi zako kabla haijanyoshwa. Waponye wagonjwa wetu, na uwapukutishie madhambi yao. Na siku yetu ya kuanguka itakapofika, tujaalie tuwe katika wale uliowawekea chipukizi jema kabla ya kuondoka kwao. Amin.